Mwenyekiti na Tembo wa Kulipia

Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alishindwa uchaguzi wa kitongoji zamani, wakati kijijini kwetu Mbwera, kule delta, wenye simu za mkononi walikuwa wawili tu. Aliyemshinda naye ameshashindwa na mwingine, na huyo mwingine ameshahama. Lakini cheo hakikumtoka. Sisi tulimwita Mwenyekiti, mkewe alimwita Mwenyekiti, na wajukuu walipoulizwa shuleni jina la babu yao walijibu hivyohivyo. Nadhani hata kwenye dua zake alijitambulisha kwa cheo, kusiwe na usumbufu huko juu.

Muhuri aliurudisha baada ya kukumbushwa kwa barua mbili. Kidau cha wino alibaki nacho, sijui cha kugongea nini. Daftari la mihtasari ndilo hakulirudisha kabisa. Alisema limeliwa na mchwa. Mchwa hao walikuwa na adabu sana, maana daftari lilikuwa kabatini kwake, zima, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na kila jambo alilolitenda au alilodhani amelitenda alilitia humo.

Kwake hapakuwa na mazungumzo, palikuwa na vikao. Pilau ikichelewa harusini alisimama na kusema, "Akidi imetimia, kinachosubiriwa ni nini?" Mkewe akimlalamikia paa linavuja, alijibu, "Hoja yako imepokelewa, itajadiliwa." Mkewe, ambaye ni mtu wa Ngarambe na hana subira na maneno marefu, alikuwa akimwambia, "Jadili na mvua." Na alipoona anazidiwa kwa hoja alisema, "Kikao kimefungwa," akaondoka. Nilimwona akifunga kikao cha watu wawili, yeye na muuza kuku, na muuza kuku alibaki pale na kuku wake hajui kama wamenunuliwa au la.

Alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi. Kule visiwani tope halina heshima na viatu, kwa hiyo alivibeba mkononi mpaka penye watu, akanawa miguu, akavivaa, akaingia mkutanoni kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Msibani mchango wake ulikuwa ushauri. Ukimwomba jembe, alikueleza utaratibu wa kuomba jembe. Lakini mgonjwa akihitaji kuvushwa hadi bara, Nyamisati, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kafi, na njia nzima alimweleza mgonjwa jinsi alivyokosea kuugua bila taarifa.

Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilinihusu mimi. Akinionesha kwa kidevu aliwaambia wageni, "Huyu na wadogo zake nimewalea mimi."

Nami kila mara nilijibu, "Mwongo." Nilisema kwa adabu, baada ya shikamoo, lakini nilisema.

Ukweli ni huu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa darasa la saba, nina wadogo watatu, wa mwisho wao, Mwaju, akiwa na miaka mitatu. Matanga yalipoanuliwa tu, Mwenyekiti aliitisha kikao barazani kwetu. Ajenda ilikuwa sisi. Wa pili aende kwa ami Ngarambe, wa tatu aende kwa shangazi kule Bungu. Mwaju alitafutiwa mama mmoja Dar aliyetaka mtoto wa kukua naye, maana yake wa kumtuma. Mimi nilikuwa na ajenda yangu peke yangu.

"Huyu mkubwa ameshakuwa," Mwenyekiti alisema. "Kuna mtu wa heshima, ana mashine ya kukoboa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, Mwaju mgongoni. Nikasema, "Hatugawanywi."

"Binti, hujapewa nafasi ya kuzungumza."

"Basi sijazungumza. Lakini hatugawanywi."

Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia walicheka, na kikao kikishachekwa hakirudi kuwa kikao. Mwenyekiti akafikiri, akafungua daftari, akaandika huku akitamka neno kwa neno ili tusikie wote: "Watoto wapewe msimu mmoja. Wakivuna, watakaa. Wasipovuna, watagawanywa." Akatia sahihi. Akatia sahihi na ya katibu, kwa kuwa katibu hakuwepo.

Niliacha shule wiki ile. Tukahamia shambani, kwenye dungu. Kwa asiyelijua, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga, ili mlinzi awaone wezi kabla hawajafika. Wezi wenyewe ni ndege, tumbili, nguruwe na kiboko, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba watoto wanne watatawanywa akila. Nilipiga debe mpaka viganja vikachanika. Tukavuna. Kikao hakikurudi tena. Toka siku hiyo yeye akawa na hadithi yake, kwamba ametulea, nami nikawa na yangu, kwamba nililinda shamba peke yangu, toka mpunga unatoa masuke mpaka unakatwa. Hadithi yangu nimeisimulia zaidi ya yake. Nauza chakula karibu na stendi ya Kibiti, na mteja akichelewesha kumaliza sahani huipata yote.

Mwenyekiti naye alihamia Kibiti uzeeni, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kana kwamba Mungu aliona hatujamalizana.

Wadogo zangu walikua. Mwaju alisomea upishi, akapata kazi kwenye kambi ya watalii huko kaskazini, mbali kabisa, ambako mtu wa delta huenda kwa kuambiwa tu. Mwaka jana alinipigia simu. Wageni walikuwa wachache, na meneja wao aliwaruhusu wafanyakazi kualika ndugu kwa siku mbili.

"Dada, njoo. Panda treni, uone milima. Na uwalete Mwenyekiti na Bibi."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Si ndiye aliyetulea?"

Sikuwahi kumwambia habari za kile kikao. Mtoto haambiwi kwamba aliwahi kupangiwa mama wa kumtuma. Kumbe nilipoacha nafasi wazi, mzee alikuwa ameijaza.

Nikakubali kwenda, kwa sababu moja. Nilitaka Mwaju ausikie ukweli, na Mwenyekiti awepo, na daftari liwepo. La daftari halikunisumbua. Nilijua atalibeba mwenyewe, maana safari isiyo na muhtasari kwake haikuwa safari.

Tulikwenda wanne. Wa nne alikuwa Mwalimu mstaafu, Mpare aliyefundisha kwetu miaka mingi mpaka akasahau kuhama. Yeye na Mwenyekiti walikuwa wamecheza bao kwa muda mrefu kiasi kwamba hawakuwa tena na haja ya kusalimiana. Mwalimu alitaka kupitia kwao wakati wa kurudi, kuona makaburi, akaona afadhali apate wa kubishana naye njiani.

Ndani ya treni tulipata viti vinne vya kutazamana. Mwenyekiti akafungua daftari. "Ajenda ya kwanza, dirisha." Ajenda ikapita bila kupingwa, kwa kuwa alikuwa ameshakaa dirishani.

Lazima nieleze kwamba huyu mtu alikuwa ametuchosha na kaskazini kwa miaka. Alidai aliwahi kwenda Moshi kwa treni, kwenye semina ya wenyeviti. Jua likiwaka Kibiti alisema, "Kule Moshi hapana kitu hiki." Akila ndizi zetu alizihurumia. Mlima wenyewe aliueleza kama mtu aliyeujengea msingi. Basi safari nzima akawa mwenyeji wetu. Alitutajia stesheni kabla hatujazifikia, na tulipozifikia zilikuwa nyingine.

Asubuhi tuliamkia milima. Sijui niiseme vipi kwa mtu wa kwetu, ambako ardhi yote iko sawa na maji na kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi. Ilisimama pembeni ya reli, mikubwa, ya bluu, na ukungu umeikalia mabegani. Nikasahau ugomvi wangu kwa muda.

"Huo hapo," Mwenyekiti akatangaza, akiamsha behewa zima. "Huo ndio Mlima Kilimanjaro. Tazameni."

Mwalimu akavaa miwani. "Huo ni wa kwetu Upare, Mwenyekiti. Pale kwenye migomba ndipo kwa shangazi yangu."

"Na theluji?"

"Shangazi hana."

Watu wa viti vya jirani wakacheka. Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa. Na Kilimanjaro ulipojitokeza kweli, mawingu yakiwa yamepisha, yeye alikuwa ameinama chini ya kiti anapiga viatu vyake rangi, ili ashuke kama mtu. Tukamwita. Aliinuka, akautazama kwa muda. Kisha akasema, "Umepungua. Zamani ulikuwa mkubwa zaidi."

"Hujawahi kuja huku wewe," mkewe akasema, huku akimenya chungwa.

"Nilikuja semina."

"Semina ilikuwa Utete."

Akafunga kikao.

Kambini tulikuta mahema ya turubai yaliyosimamishwa juu ya majukwaa ya mbao, mbele yake bwawa, nyuma yake pori. Mwaju akanikumbatia mpaka kilemba kikanitoka. Mwenyekiti akazunguka hema lake, akapiga nguzo kwa kiganja, akasema, "Hili ni dungu."

"Ni hema la kifahari, Babu," Mwaju akamwambia. "Watu wanatoka Ulaya kuja kulala humu."

"Wanalinda nini?"

"Hawalindi. Wanasikiliza wanyama."

Alituangalia mmojammoja kuona kama tunamtania. Hapo, nakiri, nilikuwa upande wake. Mimi kiboko nimemsikiliza utotoni usiku kucha, na sikuona mtu wa kuniletea chai.

Asubuhi ya pili tulikaa kwenye ukumbi ulio wazi, wageni wengine wakiwa meza za jirani na kamera zao ndefu. Kulikuwa na mzungu mmoja mzee na mkewe waliokuwa wakisubiri wanyama bwawani kwa siku tatu. Mwaju alileta sinia la chapati na chai, akaliweka. Daftari lilikuwa mezani, kando ya mkono wa Mwenyekiti. Nikaona ndiyo saa.

"Mwaju, kaa. Kuna jambo la zamani nataka ulisikie, na wahusika wapo."

Mwenyekiti akanitazama. Mkono wake ukatambaa, ukalala juu ya daftari. Kwa hiyo alijua. Miaka yote alikuwa anajua kwamba iko siku nitalisema.

"Ajenda gani hiyo?" akauliza, sauti ndogo.

Kabla sijamjibu, tembo walitokea. Walikuwa watano, na mtoto mmoja katikati, wakashuka kuelekea bwawani polepole, bila haraka, kama watu wanaokwenda kwao. Ukumbi wote ukashusha pumzi. Mzungu akainua kamera. Watu wakanong'ona.

Ndipo Mwenyekiti aliposimama. Naapa hakufikiri. Alimwaga chapati mezani, akashika sinia kwa mkono mmoja na upawa wa uji kwa mkono wa pili, akatoka mbio hadi ukingoni mwa jukwaa, akaanza kupiga. Paa, paa, paa. Kimya kidogo. Paa. Na sauti ambayo sikujua kama bado anayo ikatoka: "Hoya! Tokeni! Shamba la watu hilo! Hoya!"

Paa, paa, paa. Kimya. Paa.

Mama tembo akatandaza masikio, akafikiri, akageuka. Wote wakageuka naye. Vumbi likasimama pale walipokuwa, kisha nalo likakaa chini.

Mwenyekiti akarudi anahema, ameridhika, kama mtu anayesubiri kupewa pole na kazi. Akakuta watu wote wamesimama wanamtazama. Mke wa mzungu alikuwa amejishika kichwa. Meneja akaja karibu kukimbia.

"Mzee wangu, umefanya nini? Hawa wageni wamelipia kuwaona wale tembo."

"Wamelipia tembo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa wakwe zangu Ngarambe tembo wamekula mahindi miaka yote, na hakuna aliyetulipa." Akarudisha sinia mezani. "Waambie kesho waje mapema. Watarudi tu. Tembo hana aibu."

Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamruka. Mwaju alikuwa ameuma aproni yake, machozi yanamtoka kwa kicheko. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimekaa na kikombe mkononi, chai inapoa, nausikiliza mlio ambao ulikuwa umeshaisha.

Mapigo yale niliyajua. Tatu, kimya, moja. Msimu ule wa kwanza, kila kulipokaribia kupambazuka, mikono yangu ilipokataa na usingizi ukanibeba na debe mapajani, palikuwa na mtu anapiga hivyo ng'ambo ya kijito, nyuma ya matete, upande wa shamba la Mwenyekiti. Tatu, kimya, moja, mpaka jua linatoka. Nikiamka nilimlaani. Nilijiambia, mtu huyu hata mpunga wake anaulinda kwa kelele za kujionesha. Na nilipokuta wezi wa usiku hawakugusa upande wetu, nilijisifu kwamba nililala macho wazi.

Baadaye nilimfuata mkewe kwenye hema. Alikuwa anakunja kanga.

"Bibi, ule mwaka tuliofiwa, mlivuna kiasi gani?"

"Tuvune nini? Maji ya chumvi yalipanda mapema upande wetu wa chini, yakaunguza mpunga wetu wote. Hata pishi hatukupata."

"Mbona Mwenyekiti alikuwa analinda?"

Aliendelea kukunja. "Alikuwa anatoka alfajiri na debe lake. Nikamwuliza, unalinda matope? Akaniambia mwenyekiti hakai nyumbani wakati wa mpunga." Akaniangalia. "Hukujua?"

Sikujua. Upande ule sikuwahi kuvuka. Sikuwa nazungumza naye. Yule aliyeandika kwamba tusipovuna tutagawanywa, alikuwa anakaa kwenye dungu lake juu ya shamba lililokufa, anawafukuza nguruwe wa wengine. Na mimi, miaka yote hii, nimewalisha watu wa Kibiti wali na uongo: peke yangu, toka masuke mpaka kukata.

Mwaju alinifuata kabla ya chakula cha mchana. "Dada, ulitaka kuniambia nini?"

Nikamwambia yote mawili, kikao na debe. Sikupunguza hata moja ili jingine ling'ae. La yule mama wa Dar lilimkaa vibaya. Alishika ukingo wa meza ya jikoni, akarudi kwenye masufuria yake. Wakati wa kupakua niliitazama sahani ya Mwenyekiti. Mwaju alikuwa amempunguzia nyama, akamwongezea ukoko, ambao mzee anaupenda kuliko kitu chochote. Nadhani hiyo ilikuwa hukumu, na sijaona ya haki kuliko hiyo.

Mwenyekiti aliitazama sahani, akanitazama mimi. Akala ukoko wote. Jioni alimwambia Mwalimu kwamba nyama ya kaskazini imepungua pia.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa mwezi uliopita. Miguu imemkataa siku hizi. Anakaa barazani kwake Kibiti, viatu vyeusi viko kando yake, vimepakwa rangi, havina pa kwenda. Nilimpelekea chai na vitumbua. Mkewe alikuwa sokoni. Nikaona nimwulize mwenyewe, maana nilikuwa nimelibeba toka kaskazini na lilikuwa limenichosha.

"Mwenyekiti, ule mwaka chumvi ilipounguza mpunga wako."

"Mwaka gani?"

"Unaujua. Ulikuwa unampigia nani debe?"

Alichukua muda kutafuna kitumbua. Mtu huyu amejisifu kwa mlima asiouona, kwa semina asiyohudhuria, na kwa mvua ambazo zilinyesha zenyewe. Nilisubiri ajisifu na kwa hili. Ningemruhusu.

"Mwaka ule nilikuwa na vikao vingi," akasema.

"Alfajiri?"

"Binti, niletee daftari."

Nikamletea. Akafunua mpaka ukurasa ule, akanionesha mwandiko wake: watoto wapewe msimu mmoja. Sahihi yake, na sahihi ya katibu asiyekuwepo. Chini ya hapo, mstari mtupu, kisha habari za choo cha shule.

"Unaona habari za debe hapo?"

"Sizioni."

"Basi. Lisilomo kwenye muhtasari halikutokea." Akalifunga, akalirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni, mikono ikichelewa kwenye fundo. "Hiyo ajenda imekwisha. Chai hii haina sukari."

Nilikuwa naikoroga upya alipopita kijana mmoja mgeni, mtu wa afya aliyehamia mtaani, akasimama kuamkia. Mwenyekiti akajinyoosha kitini, akavuta viatu karibu na miguu, akanionesha kwa kidevu.

"Huyu unayemwona, yeye na wadogo zake, nimewalea mimi."

Kijana akanigeukia, anasubiri nithibitishe, kama watu wanavyofanya. Mwenyekiti hakunitazama. Alikuwa anatazama barabarani, akilisubiri lile neno langu la siku zote.

"Msimu mmoja," nikasema.

Mwenyekiti akakohoa. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe chake, akatangaza kwamba kikao kimefungwa.